Bei ya Kununua Kidogo Kidogo: Mhadhara Kuhusu Hela ya Matumizi

 

Nimeombwa nizungumzie kubana matumizi nyumbani. Mada hii ina kasoro yake. Anayealikwa kuizungumzia mara nyingi ni mtu wa mshahara, na anaowahutubia ni watu wanaopata riziki kwa siku. Anawaambia waache soda, waache vocha, waache kusuka kila mwezi, kisha anapanda gari lake anakwenda zake. Mimi sitawaambia muache soda. Nimefanya kazi na vikundi vya kuweka na kukopa vya Temeke na Mbagala kwa muda mrefu, nimesoma madaftari ya matumizi ya kina mama wengi, na soda humo ndani ni kitu cha kutafuta kwa tochi. Hela inaishia kwenye unga, mafuta, mkaa, maji na sabuni. Na wala hao kina mama hawavitumii kwa fujo. Wananunua kidogo kidogo, na anayenunua kidogo hulipa zaidi.

Kwa hiyo hoja yangu leo ni moja. Familia ya kipato kidogo inaumizwa na mwendo wa hela yake kuliko na ukubwa wa matumizi yake. Baba anaacha elfu kumi asubuhi, hela ya siku. Hela ya siku hununua vitu vya siku, na vitu vya siku vina bei yake, ambayo haiandikwi popote.

Tusogee dukani kwa Mangi baada ya magharibi. Mtoto amefika na kikombe cha plastiki na noti ya elfu mbili imekunjwa kiganjani. Ametumwa mafuta ya mia tano, sukari robo, majani ya chai ya mia mbili na kiberiti. Mangi anachovya kikopo chake kwenye ndoo ya mafuta, anakimimina, anakigonga mara mbili kwenye ukingo wa kikombe ili mteja aone kwamba hajadhulumiwa. Anapima sukari. Kilo ni elfu tatu, kwa hiyo robo ingekuwa mia saba na hamsini, lakini nani ana hamsini ya kurudisha chenji? Robo ni mia nane. Hakuna aliyelalamika. Shilingi hamsini imeondoka, na kesho jioni itaondoka nyingine.

Simlaumu Mangi hata kidogo. Yeye ndiye ghala letu. Ananunua kwa ndoo na kwa gunia, analipa pango na umeme, panya wanakula sehemu yake, na akikuona huna anakuandika kwenye daftari. Faida anayoweka juu ya kikopo ni malipo ya kazi hiyo. Swali langu ni kama nyumba isiyo na ziada inaweza kuendelea kulipia ghala la mtu mwingine kila siku ya Mungu.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei mtaweka za mtaani kwenu. Dumu la mafuta la lita 5 tuseme ni 28,000, sawa na 5,600 kwa lita. Mafuta ya kupima ya mia tano, ukivihesabu vikopo hadi lita ijae, vinafika 15, yaani 7,500. Tofauti ni 1,900 kwa kila lita. Nyumba inayotumia lita 4 kwa mwezi inaacha dukani 7,600, na kwa mwaka 91,200. Hayo ni mafuta peke yake. Kwa familia iliyopanga chumba na sebule uswahilini, fedha hiyo ni sehemu ya kodi, na kodi, mnavyojua, mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo.

Maji ni vilevile. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Anayenunua dumu kwa shilingi 100 amelipa 5,000 kwa uniti hiyo. Anayenunua kwa muuza mkokoteni kwa 300 amelipa 15,000. Chukua bili ya jirani yako mwenye bomba, gawanya kwa uniti alizotumia, halafu jionee. Wapangaji mliomo humu mnaopakana na nyumba yenye bomba, kaeni na mwenye nyumba wenu mzungumze habari ya kuvuta maji kwa kuchangiana. Nimeona imefanyika.

Sasa, mtaalamu wa mshahara akishafika hapa husema: basi nunueni kwa jumla! Kama vile watu hawajui. Muulize mama yeyote wa Buza au Tandika, atakwambia dumu ni nafuu. Hanunui kwa sababu anazo sababu, na sababu hizo zina uzito. Kwanza, elfu ishirini na nane haijawahi kukaa mkononi mwake siku mbili bila kupata mwenyewe: mtoto ana homa, shule wanataka mchango wa mtihani, shemeji amefika kutoka Kilwa. Pili, chumba ni kimoja. Gunia likikaa humo, mgeni anaketi juu yake, na majirani wakishaliona wanaanza kuja na bakuli. Tatu, na hili wengi hawapendi kulisema, kitu kikiwa kingi kinatumika kingi. Nyumba ikijua kuna dumu uvunguni, mkono unalegea. Wiki ya kwanza chapati, wiki ya pili maandazi, wiki ya tatu tunarudi kwa Mangi na kikombe.

Hilo la tatu lina dawa yake, na nimejifunza kwa mama mmoja mwuza vitumbua. Anapoleta dumu nyumbani, siku hiyohiyo anajaza mafuta kwenye chupa ndogo moja ya maji ya kunywa, na dumu analifunga kwa utepe wa gundi na kuandika tarehe. Chupa ile ndiyo mafuta ya siku nne. Ikiisha siku ya tatu, siku ya nne wanakula cha kuchemsha. Amehamishia kikopo cha Mangi nyumbani kwake, ila faida ya kikopo inabaki kwake.

La kwanza, la hela kutokaa, ndilo gumu, na hapa ndipo penye jambo nililotaka hasa kuwaeleza. Mtu wa kipato cha siku, awe wa bodaboda anayempelekea tajiri hesabu yake jioni, awe wa kibarua cha zege au wa genge la nyanya, hawezi kujipatia hela ya mkupuo kwa kujinyima peke yake. Anahitaji chombo cha kugeuza hela ya siku iwe hela ya mwezi. Chombo hicho tunacho tangu zama za bibi zetu, nacho ni upatu, ambao wengi tunauita mchezo.

Sikilizeni mchezo mmoja unavyokwenda. Watu kumi, majirani wa mitaa miwili. Kila mmoja anampa kijumbe, yaani mshika fedha wa mchezo, 1,000 kila siku. Kwa siku tatu zimekusanyika 30,000. Kijumbe hampi mtu fedha. Anakwenda kwa muuza jumla, ananunua dumu la 28,000, anampelekea mwenye zamu dumu lake na 2,000 iliyobaki. Siku tatu zijazo ni zamu ya mwingine. Mwezi ukiisha wote kumi wana dumu, na hakuna aliyetoa zaidi ya elfu kwa siku, hela ileile ambayo ingekwenda kwa Mangi kwa vikopo viwili. Kutoa kitu badala ya fedha ndiyo siri ya mchezo huu. Shemeji wa Kilwa anaweza kukuomba elfu ishirini na nane, na heshima ikakulazimisha umpe. Hawezi kukuomba dumu la mafuta.

Mchezo una hatari moja: mtu wa zamu ya kwanza akishachukua, anaweza kuhama. Ndiyo maana wageni wa mtaa huwekwa mwisho, na kijumbe huchaguliwa mwenye nyumba au mwenye genge, mtu asiyeweza kutoroka na meza yake. Pale ambapo fedha zinakuwa kubwa, kikundi kamili ni salama zaidi. Mfumo wa kikundi cha hisa, wenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, ukaenea nchi nyingi za Afrika kwa sababu mtu asiyejua kusoma anaweza kuona kwa macho yake hela ikihesabiwa. Hapa kwetu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi kama hivyo kwenye daraja la nne, na vinapaswa kusajiliwa. Msiogope usajili. Kikundi chenye cheti kinaweza kumdai mtoro. Kisicho na cheti kinabaki kulalamika kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Tuje kwenye nafaka, ambako kuna fedha nyingi kuliko kwenye mafuta. Mahindi ya nyanda za juu kusini, Ruvuma, Njombe, Mbeya, Rukwa, yanavunwa kuanzia mwezi wa tano au wa sita na kushuka mijini kwa wingi hadi mwezi wa nane. Bei inakuwa chini. Kuanzia Januari inapanda, na inapanda wakati huohuo ambao wazazi wananunua sare na madaftari. Familia ya watu sita inayokula kilo moja na nusu ya unga kwa siku inahitaji kilo 45 kwa mwezi. Gunia la kilo 100 halifiki hata miezi miwili na nusu. Kwa hiyo sisemi mnunue ya mwaka mzima. Magunia mawili yaliyonunuliwa sokoni Tandale mwezi wa saba, yakafungwa, yakafunguliwa Januari, yanaivusha nyumba kwenye miezi ile ambayo bei inauma kuliko yote. Sagisha dona. Ukikoboa, pumba zinabaki mashineni, na ulizilipia.

Lakini mahindi yana adui wawili, na wa pili anaua. Wa kwanza ni mdudu. Fukusi tunamjua. Dumuzi alitokea Amerika ya Kati, akaonekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na wakulima wakambatiza Scania. Mfuko wa tabaka tatu, mifuko miwili ya plastiki nzito ndani na kiroba cha kusuka nje, unamaliza kazi bila dawa: kila mfuko unafungwa peke yake hadi hewa isiingie, wadudu wanamaliza hewa iliyomo, wanakufa. Ukiufungua kila siku kuchota, umeharibu. Ndiyo maana nimesema funga mwezi wa saba, fungua Januari.

Adui wa pili ni unyevu. Mahindi yasiyokauka huota ukungu unaoleta sumukuvu, na mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Usinunue gunia kabla ya kulipima, na kipimo ni cha bure. Chukua chupa ya glasi iliyokauka, weka kiganja cha mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika mbili au tatu, iache itulie. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi yana maji; yaanike tena juu ya turubai au muachie mwenyewe. Ikianguka chini yote, funga. Mfanyabiashara wa Tandale atakucheka ukitoa chupa yako. Mwache acheke.

Jikoni nitapita kwa haraka, isipokuwa kwa maharage, kwa sababu maharage ndiyo yanayokula mkaa. Yaloweke usiku na umwage yale maji asubuhi. Hilo mama zenu waliwafundisha. Chemsha ya siku mbili kwa mkupuo, unga ya leo tu, ya kesho yakae kwenye friji la jirani kama huna lako. Wengi wenu mna mtungi wa gesi wa kilo 6 unaopika chai asubuhi, halafu maharage yanarudi kwenye mkaa. Hiyo ni akili nzuri. Tatizo ni kwamba mtungi ukiisha tarehe 18, hela ya kuujaza haipo, na mkaa wa kopo unashika jiko zima mpaka mwisho wa mwezi. Tuseme kujaza ni 24,000 na mtungi kwako unadumu siku 30. Siku unayoujaza, anza kutia 800 kwenye kibubu chake. Kibubu cha gesi kiwe cha gesi, wala kisichanganywe na cha ada. Fundi seremala anakutengenezea kwa bei ya soda mbili, na asikuwekee mlango.

Wenye umeme, fikirieni presha kuka ya umeme kupitia kikundi. Maharage ndani yake yanaiva kwa chini ya uniti moja, na hata ukiwa mteja wa kawaida, kodi zikiwemo, hiyo haifiki shilingi 400. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na sababu zake ni mapafu na misitu. Mimi nawaambia habari ya mfuko. Ila angalieni mita. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi aliwekewa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akizidi, kila uniti ya juu ni 350. Mteja wa kawaida ni 292. Nyumba ya wapangaji sita kwenye LUKU moja haiwezi kubaki chini ya 75 hata mkikaa gizani. Mkigombana juu ya nani kawasha pasi, mnagombania senti, na bei kubwa imeshaingia kwa sababu ya mita moja.

Nisipotaja mikopo ya kausha damu nitakuwa nimewadanganya, maana inafuta yote niliyosema. Anayekopa laki moja akarudisha laki moja na thelathini baada ya mwezi amelipa kwa siku thelathini zaidi ya faida ya dumu la mafuta kwa miezi mitatu. Nimewaona waliokabidhi kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, mshahara ukiingia anauchukua yeye kwanza. Mikopo ya kwenye simu ni ileile kwa sura nyingine. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Ikibidi ukope, kopa kwenye kikundi, ambako riba unayolipa inarudi kugawanywa siku ya kuvunja mzunguko, na wewe ukiwemo.

Michango ya harusi. Hapa nitawakera. Msiba nenda, toa, kaa mkekani. Hiyo ndiyo bima pekee ambayo wengi wetu tunayo, na siku yako ikifika utazikwa na watu. Lakini kipaimara, send-off, kitchen party na sare ya kitenge kwa kila shughuli si msiba. Kadi ya mchango ikifika nyumbani, wawili mkae mkubaliane kiwango cha mwaka mzima, na kikiisha kimeisha. Mume na mke wanaoficha kadi kila mmoja kwa mwenzake hawawezi kuweka akiba ya aina yoyote.

Na kuna mahali pa kutobana. Dagaa wa watoto, yai, dawa iliyoandikwa na daktari, neti. Nimeona baba aliyejivunia kupunguza matumizi kwa elfu tatu kwa siku. Elfu tatu hiyo ilikuwa mboga ya watoto, na yeye mwenyewe alikuwa anakula supu na chapati kijiweni kila asubuhi.

Kabla ya kuanza nimeletewa kikaratasi. Dada mmoja anauliza: mimi naachiwa elfu tano, watoto wanne, mume hataki kusikia habari ya mchezo, nianzie wapi?

Dada, usianzie mafuta. Anzia kwenye vitu ambavyo havishawishi mtu kuvitumia zaidi vikiwa vingi: chumvi, kiberiti, sabuni. Hakuna mtoto atakayeomba chumvi nyingi kwa sababu pakiti ni kubwa. Wiki hii weka mia mbili kila siku kwenye kibubu, Jumapili una 1,400, nunua chumvi ya mwezi na boksi la viberiti. Wiki mbili zinazofuata ziende kwenye mche mzima wa sabuni, uache kununua vipande. Mche huo ukate vipande siku hiyohiyo, wakati bado laini, vipange juu ya kabati vikiachiana nafasi, na usiviguse kwa wiki mbili. Sabuni iliyokauka haiyeyuki ovyo kwenye beseni kama ile mbichi ya dukani. Ile mia mbili uliyokuwa ukitoa kwa kipande endelea kuitia kwenye kibubu. Mafuta utayafikia baada ya miezi kadhaa, na wakati huo huenda mzee wa nyumba ameshaanza kuuliza kibubu kina kiasi gani.

Sasa nipeni maswali mengine, na mwenye hesabu tofauti na yangu aje nayo hapa mbele.